Karatasi ya Jua ya Baader: maoni ya mtu aliyepoteza sekunde 20 Pakwach

Nitakisifu kipande cha karatasi inayong'aa, ya kuchujia mwanga wa Jua mbele ya lenzi, kuliko nilivyowahi kuisifu kamera yangu, kwa hiyo kwanza niwaeleze yaliyonikuta.

Nina studio Arua mjini, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kazi yangu ni picha za pasipoti, harusi, mahafali ya watoto wa chekechea na, Mungu anisamehe, picha za kuwekwa juu ya jeneza. Mambo ya Jua yaliniingia kwa uchungu wa kukosa. Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012 Jua lilichomoza hapa kwetu likiwa tayari na doa jeusi usoni, ndiyo sayari ya Zuhura ikipita mbele yake. Doa likakaa kwa muda wa saa moja hivi, mimi nikiwa nyuma ya studio nakunywa chai na chapati bila habari yoyote. Nilisikia redioni jioni. Zuhura haipiti tena mbele ya Jua hadi Desemba 2117, basi hiyo nimewaachia vitukuu.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, iliposemwa kwamba Jua litapatwa kikamilifu Pakwach, kando ya Nile, tarehe 3 Novemba, niliapa kwamba safari hii halinipiti. Nilimwendea fundi wa kuchomelea vyuma nikamwomba kioo cha barakoa yake. Akanipa nambari 11. Nikamwambia nimesoma kwamba kwa Jua inatakiwa 14. Akacheka, akasema nambari 14 ni ya watu wanaochomelea meli. Niliipata kwa taabu, siku tatu kabla. Nikaibandika mbele ya lenzi kwa selotepu ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, nikaizungusha mara nne ili upepo usiing'oe. Nilijiona mwerevu sana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Pakwach ilijaa watu kama siku ya uchaguzi. Wengi walikusanyika upande wa Shule ya Msingi Owiny, na Rais Museveni naye alikuwapo. Wazungu walikuja na darubini ndefu kama mabomba ya maji. Mimi nilisimama pembeni, karibu na mzee mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya majani na kamera moja tu, ya kawaida. Mawingu yalikuwa yakipita na kuachia, yakipita na kuachia, na kila yalipofunga, umati mzima ulikuwa ukiyafukuza kwa mikono.

Kupatwa kule kulikuwa kufupi. Kwa upande wetu Mwezi ulilifunika Jua lote kwa sekunde kama 20 tu, saa 11 na dakika ishirini na kitu jioni. Nilikuwa najua hivyo. Nilikuwa pia najua kwamba katika sekunde hizo kichujio lazima kitolewe, maana taji la Jua, ile korona (neno ambalo wakati ule halikumtisha mtu), ni hafifu mno kupita kwenye kioo cheusi. Ukiacha kichujio, unapiga picha ya giza. Nisichokijua ni kwamba selotepu iliyokaa juani zaidi ya saa nzima inageuka asali.

Kivuli kilitoka upande wa Kongo. Kikapita juu yetu, watu wakapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia hata siku timu ya taifa inafunga bao, na mimi nimeinama, kucha zangu mbili ndani ya selotepu, navuta. Safu ya kwanza ilitoka. Ya pili ikakatika. Nikatafuta mwanzo wa ile ya tatu. Kioo kikaachia upande mmoja, nikabonyeza kitufe hivyohivyo, kisha nikainua uso. Niliona tundu jeusi, pindo la waridi limelizunguka, na vidole vyeupe vya mwanga. Sekunde tatu, labda nne. Halafu tone la mwanga likachomoza pembeni, na watu wakapiga makofi kana kwamba kuna mtu aliyefanya kazi.

Picha yangu ya kupatwa kwa Jua Pakwach inaonyesha ukingo wa kijani wa kioo na kidole gumba changu. Ninayo mpaka leo ukutani, wateja hudhani ni tangazo la benki.

Ukitoka Kampala kwenda Mbarara, pale Biharwe kuna mnara wa kukumbuka kupatwa kwa mwaka 1520, jeshi la Bunyoro lilipoona mchana umegeuka usiku likatimua mbio na kuacha ng'ombe wake. Nikipita pale nikienda kwenye harusi huwa najiambia: wao angalau waliacha kitu walichokuwa wameshika.

Sasa yule mzee wa kofia. Watu walipoanza kutawanyika nilimtazama akirudisha kichujio chake. Kilikuwa kikombe cha katoni! Katoni kavu, ya sabuni au biskuti, mbele yake karatasi ya rangi ya fedha yenye mikunjo kama foili ya kuchomea nyama. Nikamuuliza ilimchukua muda gani kukitoa. Hakujibu kwa maneno, alikishika kwa vidole viwili, akakichomoa, akakirudisha, akanitazama. Ilikuwa kama mtu anayevua kofia kumsalimia padri. Karatasi hiyo, aliniambia, inatoka Ujerumani, kampuni ya Baader, na inaitwa AstroSolar.

Ilinichukua zaidi ya miaka miwili kuipata. Mpwa wangu alikuwa anasoma Ujerumani, akaja likizo mwanzoni mwa 2016 nayo ndani ya bahasha, katikati ya vitabu.

"Mjomba, hii ndiyo uliyonisumbua nayo?" aliniuliza. "Mama alidhani nimekuletea hela."

Ilinigharimu shilingi 80,000 za wakati ule. Ni utando mwembamba kuliko mfuko wa nailoni, umepakwa metali, ukubwa wa A4, sentimita 20 kwa 29. Ukiufungua kwa mara ya kwanza utadhani umeibiwa. Una mikunjo, unayumba, haukai sawa. Hamu ya kwanza ni kuuvuta ukaze kama ngozi ya ngoma. Usiuvute. Utando huu hufanya kazi vizuri ukiwa umelegea kidogo, mikunjo haionekani kwenye picha, lakini ukivutwa ndipo picha inapoharibika. Niliamini hilo baada ya kutengeneza vifuniko viwili, kimoja kimekazwa na kingine kimelegea. Kilicholegea ndicho ninachokitumia hadi leo.

Kuna aina mbili, na hapa nawaomba mtulie, maana ukiziweka mezani zinafanana kama pacha. Ya kwanza imeandikwa 5.0. Hiyo inapitisha sehemu 1 tu ya mwanga kati ya 100,000, na ndiyo unayoweza kutazama kwa macho na kupigia picha pia. Ya pili imeandikwa 3.8, inapitisha mwanga mara 16 zaidi, na ni ya kamera peke yake. Wanaoitaka ni wale wenye darubini ndefu, wanaohitaji shata (ule mlango wa mwanga ndani ya kamera) ya kasi sana ili hewa inayotetemeka isiwachafulie picha. Kwa mtu mwenye kamera na lenzi ya kawaida kama mimi, na watoto wa mtaa mzima wanaotaka kuchungulia, ni 5.0 tu. Mpwa wangu aliniletea 5.0 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani. Mimi nilikuwa nimemwandikia "yoyote ile". Mungu ni mwema.

Kifuniko changu nilikitengeneza kwa karatasi ya manila. Lenzi ni ile Canon ya milimita 55 hadi 250. Nilizungusha ukanda wa manila kwenye mdomo wa lenzi mara tatu huku nikipaka gundi, ukawa bangili. Kisha nikakata pete mbili bapa, nikabana utando katikati yake kama mboga ndani ya chapati, nikagandisha juu ya bangili. Ndani nikabandika kitambaa cha kaniki kidogo ili kifuniko kishike bila kung'ang'ania. Kikiwa kigumu mno, utaisogeza lenzi ukikitoa, na fokasi yako imekwenda. Kikiwa chepesi mno, upepo wa Nile utakichukua wakati umetazama ndani ya kamera, na jicho lako ndilo litakalolipa. Nilijaribu mara tano kabla ya kupata kile kinachotoka kwa vidole viwili na kisichoanguka hata nikitikisa kamera kichwa chini. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kichujio cha Jua, na ndiyo sababu naisifu karatasi hii kuliko vile vya kioo vya kuzungusha kwa parafujo. Vinapendeza mkononi, kweli. Lakini hesabu sekunde za kuzungusha, halafu kumbuka Pakwach.

Mtihani wa kwanza ulikuwa sayari ndogo ya Utaridi, tarehe 9 Mei 2016. Ilianza kuingia mbele ya Jua saa 8 na dakika 12 mchana na sisi tungeweza kuifuata hadi magharibi. Ungeweza, yaani, kama Mei isingekuwa Mei. Mawingu ya mvua yalikaa juu ya Arua kama mkwe asiyeaga. Nilipata picha 11. Nilizikuza kwenye kompyuta na katika zote niliona vidoa vinne, nikafurahi mara nne. Kisha nikagundua kwamba vitatu kati ya hivyo vinakaa palepale kwenye fremu hata Jua likisogea. Vumbi la kwenye kihisi, kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera. Kimoja ndicho kilichosafiri pamoja na Jua. Tangu siku hiyo, kabla ya tukio lolote, husafisha kihisi, na katikati ya kazi husogeza kamera kidogo makusudi: kinachobaki na fremu ni uchafu, kinachokwenda na Jua ni cha mbinguni.

Kwa wanaouliza kama lenzi ndogo inatosha, hesabu ni hii. Chukua milimita za lenzi yako ugawe kwa 110, utapata upana wa Jua kwenye kihisi. Lenzi ya 250 inakupa milimita 2 na robo hivi. Kwenye Canon 600D yangu hiyo ni kama pikseli 530 kwa upana. Sasa Zuhura ile niliyoikosa ilikuwa na upana wa karibu sehemu 1 ya 32 ya Jua, ambazo ni pikseli 16, duara safi kabisa. Utaridi ni jambo lingine. Mei 2016 ilikuwa sehemu 1 ya 158, pikseli tatu na kitu. Novemba 2019 ilikuwa ndogo zaidi, 1 ya 194, hazifiki pikseli tatu. Hapo ndipo utando huu ulinishangaza, maana kioo cha fundi kingevimeza vipikseli hivyo vyote. Kioo cha kuchomelea hakikusuguliwa kwa ajili ya lenzi, kilitengenezwa ili mtu asipofuke akiunganisha geti. Kinakupa Jua la kijani lenye kingo za uji.

Tarehe 11 Novemba 2019 mbingu zilitusamehe. Utaridi iliingia saa 9 na dakika 35 alasiri, na nilikuwa na muda wa saa tatu hivi kabla ya Jua kuzama. Niliweka stendi nyuma ya studio, ISO 100, tundu la lenzi f/8, shata 1/400, na Jua lilipoanza kushuka na kuwa jekundu nikapunguza kasi kidogo kidogo. Picha moja kila dakika 10. Mwaka ule Jua lilikuwa kwenye kipindi chake cha utulivu, madoa yake yenyewe yalikuwa haba, kwa hiyo uso ulikuwa mweupe kama sahani mpya na kidoa kimoja kinatembea juu yake. Niliziunganisha ikawa picha moja, Jua moja na Utaridi nyingi kwenye mstari, nikaichapa kubwa nikaitundika. Mama mmoja aliyekuja kupiga pasipoti aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama printa yangu ina tatizo la wino.

Picha iliyolipa gharama ni ya Juni 2020. Mnakumbuka hali ilivyokuwa wakati wa ugonjwa wa korona. Boda-boda haziruhusiwi kubeba abiria, studio imefungwa, kafyu hadi saa 12 na nusu asubuhi. Jumapili tarehe 21 Jua lilichomoza hapa kwetu huku Mwezi ukianza kulimega. Sudan Kusini kuna waliopata pete, Mwezi katikati na ukingo wa Jua umeuzunguka. Sisi tulipata hilali nene, Jua la pembe mbili kama ng'ombe wa Ankole, saa 2 kasoro asubuhi. Sikuhitaji kwenda popote. Nilisimama uani kati ya mpapai na nguzo ya umeme. Jua la asubuhi likiwa ndani ya utusitusi hukudanganya kwamba limepoa, ukadhani unaweza kulitazama hivihivi, usijaribu. Kifuniko kilibaki kwenye lenzi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa Jua lisipofunikwa lote hakuna sekunde ya kukitoa. Kabla ya siku ile nilikuwa nimekata kipande kingine nikakibana kati ya makatoni mawili yenye dirisha, na watoto wa uani wakapanga foleni, mita mbilimbili kama redio ilivyoagiza. Studio ilipofunguliwa niliuza nakala za picha ile kwa shilingi 5,000 moja. Karatasi ikawa imejilipa na chenji.

Kasoro zake nazo nizitaje, maana sikulipwa na mtu.

Jua lake ni jeupe. Jeupe la karatasi, lenye ubuluu kwa mbali. Kitaalamu hiyo ni sifa, kwa kuwa haikudanganyi rangi, lakini mteja wa Arua anataka Jua la machungwa kama lile la kwenye kalenda. Vichujio vya plastiki nyeusi hutoa rangi hiyo vyenyewe. Mimi huipaka kwenye kompyuta kwa nusu dakika na dhamira yangu hailalamiki.

Haiji na kifuniko. Unanunua utando na maelekezo, mkasi na akili ni vyako. Asiyependa kazi za mikono ataichukia.

Haipendi vidole, mende, wala kukunjwa. Nahifadhi mabaki katikati ya Biblia kubwa ya marehemu baba, ambayo haisomwi sana kwa sababu ya uzito. Kila kabla ya kuitumia naiweka mbele ya tochi ya simu gizani na kutafuta vitundu vya mwanga. Kikionekana kitundu au mkwaruzo, kipande hicho ni cha takataka, hakuna cha kubandika.

Na kwenye maduka niliyozunguka Arua na Kampala sikuikuta. Hapa nina kisa. Duka moja la vifaa vya kamera Kampala, ambalo jina nalihifadhi, liliniuzia "kichujio cha kupatwa kwa Jua" cha kuzungusha, kizito, kwenye kisanduku kizuri cha velveti. Nilipofika nyumbani nikasoma ukingoni: ND1000. Hicho ni cha kupigia maporomoko ya maji yaonekane kama maziwa. Kinapitisha sehemu 1 kati ya 1,000, yaani mwanga mara 100 zaidi ya utando wa 5.0. Ukichungulia Jua kwa kitundu cha kamera ukiwa na kitu hicho, unajichoma jicho bila kusikia maumivu, kwa sababu retina haina mishipa ya maumivu. Niliwarudishia. Walinipa stendi badala ya hela, na stendi yenyewe ina mguu mmoja mfupi.

Kwa kuwa nimefika huko: nina maboksi ya negativu za rangi za miaka ya tisini, na kila Jua linapopatwa kuna mtu huja kuniomba kipande cha kutazamia. Simpi. Rangi za negativu zinazuia mwanga unaouona na kuachia ule wa joto usiouona. Filamu za eksirei nazo si za kutazamia Jua. Beseni la maji walilotufundisha wazee pia, maji yanarudisha mwanga wa kutosha kukuumiza. Asiye na kitu asimame chini ya mwembe. Kila upenyo kati ya majani unachora Jua lililomegwa chini kwenye vumbi, mamia yake, na hiyo unaipiga kwa simu bila kununua chochote. Picha yangu nzuri kuliko zote za 2020, nikisema ukweli mbele ya karatasi ya Baader, ni ya mgongo wa mwanangu wa kiume akiwa na shati jeupe chini ya mwembe wa jirani, shati zima limejaa vihilali. Chujio la chai nalo hufanya hivyo. Kwa Utaridi lakini mwembe haukusaidii, kile kidoa ni kidogo mno, huko utando ni lazima.

Nikiambiwa nitoe alama, naipa 9 kwa 10. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya zile aina mbili zinazofanana. Kitu kinacholinda macho ya watu kingepaswa kuwa na rangi mbili tofauti, au hata kona moja nyekundu, mtu asije akachanganya vipande baada ya kuvikata. Vyangu nimeandika "5.0 MACHO" kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye manila ya kila kifuniko.

A4 moja inatoa miraba sita ya kutosha lenzi kama yangu. Nimetumia minne kwa karibu miaka 10: vifuniko viwili vya lenzi, dirisha la watoto, na kimoja nilichomkatia mwalimu wa fizikia aliyenililia. Miwili iliyobaki ina kazi yake. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu kuanzia Hispania na Moroko, kupitia Misri, hadi ncha ya Somalia. Hapa Uganda tutapata kumegwa tu. Lakini karibu na Luxor giza litakaa zaidi ya dakika 6. Dakika sita! Nimeweka mkebe wa akiba ambao mke wangu anauita mkebe wa Farao. Kule Jua litakuwa karibu utosini, nyuzi 82 juu ya upeo wa macho, na ndiyo maana sijauza 600D yangu hata walipoleta za kisasa: skrini yake inageuka, sitalazimika kulala chini kama fundi wa magari. Kamera ikitazama juu kifuniko hakidondoki chenyewe, lazima kiinuliwe, na kukiinua ni tofauti na kukichomoa.

Kwa hiyo nafanya mazoezi. Jumapili baada ya ibada natoa stendi uani, ile ya mguu mfupi, naichongea kijiti, naelekeza lenzi juu ya paa la choo. Binti yangu anashika saa ya simu na kupiga kelele "Giza!" wakati wowote anaotaka yeye. Natoa kifuniko, shata inalia, na kila picha inayofuata naiongezea muda. Akisema "Mwanga!" narudisha. Mara ya kwanza kutoa kulinichukua sekunde nne. Jumapili iliyopita, moja na nusu, ingawa anadai nilianza kabla hajamaliza neno.